Kibanja si Kiwanja: Maana na Matumizi ya Neno Moja la Kihaya katika Kiswahili cha Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza neno *kibanja* kama linavyotumiwa na wasemaji wa Kiswahili katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Inaelezwa kwamba neno hili lina asili moja na neno la Kiswahili Sanifu *kiwanja*, lakini maana za maneno haya mawili zimeachana kiasi kwamba moja haliwezi kuchukua nafasi ya jingine. Aidha, inaonyeshwa kwamba *shamba*, ambalo ndilo hutumiwa mara nyingi kutafsiria *kibanja*, nalo halitoshi. Mwishoni tunapendekeza namna neno hili linavyoweza kuingizwa katika kamusi, na kueleza kwa nini jambo hili haliwahusu wanaleksikografia peke yao.

1.0 Utangulizi

Maneno ya vitu vya kila siku aghalabu huwa ya mwisho kuchunguzwa. Mtafiti huvutwa na istilahi za sayansi, na methali, au na majina ya heshima, akayaacha maneno ambayo mtoto huyajua kabla hajaanza shule. Sababu yake ni nyepesi: neno ambalo kila mtu analijua huonekana halina la kuelezwa. Hata hivyo, ni maneno ya namna hii yanayomtatiza mgeni na mfasiri, kwa kuwa yamebeba mpangilio mzima wa maisha ya mahali yanapotumika.

*Kibanja* ni neno la aina hiyo. Mtu aliyezaliwa Ihangiro, Kiziba au Kyamutwara hahitaji kuelezwa maana yake. Anapozungumza Kiswahili hulitumia bila kusita, ijapokuwa Kiswahili hicho kina maneno *shamba*, *kiwanja*, *bustani*, *kitalu* na *ua*. Swali linalotuongoza katika makala haya ni hili: ikiwa Kiswahili kina maneno yote hayo, kwa nini msemaji wa Bukoba na Muleba bado analihitaji *kibanja*?

Mifano ya sentensi iliyotolewa humu ni yetu wenyewe. Imeundwa kwa kufuata matumizi ya kawaida ya Kiswahili cha eneo hili, kwa lengo la kupima maana.

2.0 Umbo na asili ya neno

Kihaya, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimo katika kundi E22, kina irabu tangulizi mwanzoni mwa nomino. Umbo kamili la neno tunalolishughulikia ni *ekibanja*, wingi *ebibanja*. Linapoingia katika Kiswahili, irabu tangulizi hudondoshwa, na nomino hupokewa moja kwa moja katika ngeli ya KI-VI. Kwa hiyo husemwa *kibanja changu*, *vibanja vyetu*, na mahali huonyeshwa kwa kiambishi -*ni*: *kibanjani*. Wapo wasemaji wanaobakiza umbo la wingi la Kihaya na kusema *bibanja*, hasa katika mazungumzo ya nyumbani, lakini upatanisho wa kisarufi unaofuata huwa wa Kiswahili.

Wepesi wa neno hili kupokewa si wa bahati. Mzizi wake si mgeni katika Kiswahili. Wanaisimu linganishi wa Kibantu wameunda upya mzizi *-banja, unaohusishwa na ua au mahali wazi penye makazi. Katika Kihaya konsonanti *b ya asili imehifadhiwa, ilhali katika Kiswahili imekuwa *w* au imetoweka kabisa, isipokuwa pale inapotanguliwa na nazali. Tazama jozi zifuatazo:

(1) Kihaya *abantu*, Kiswahili *watu*
(2) Kihaya -*biri*, Kiswahili -*wili*
(3) Kihaya -*bona*, Kiswahili -*ona*
(4) Kihaya -*bumba*, Kiswahili -*umba*
(5) Kihaya *embwa*, Kiswahili *mbwa*

Jozi ya (1) na (2) zinaonyesha *b* ikiwa *w*. Ya (3) na (4) zinaonyesha kudondoka kwake. Na ya (5) inaonyesha nazali ikiilinda. Kwa kanuni hiyo hiyo, -*banja* ya Kihaya ni -*wanja* ya Kiswahili, nayo tunaiona katika *uwanja* na *kiwanja*. Mzizi huu unapatikana pia katika lugha jirani. Kiganda kina *ekibanja*, na Kinyarwanda kina *ikibanza*, chenye maana ya sehemu ya ardhi ya kujengea.

Kwa mtazamo wa fonolojia, basi, *kibanja* na *kiwanja* ni ndugu wa tumbo moja. Ugumu unaanza tunapofika kwenye maana.

3.0 Kilichojaa na kilicho wazi

Katika Kiswahili Sanifu, dhana iliyo katika kiini cha *uwanja* na *kiwanja* ni uwazi. Kiwanja cha mpira ni mahali palipoachwa wazi ili watu wacheze. Kiwanja cha ndege ni eneo lililosafishwa. Kiwanja cha kujengea ni ardhi iliyopimwa inayosubiri nyumba. Ofisi ya ardhi hukitambua kwa namba na kitalu chake, na thamani yake iko katika kile kitakachowekwa juu yake baadaye. Mtu anaweza kumiliki kiwanja kwa miaka kumi bila kuweka tofali hata moja, na kikaendelea kuitwa kiwanja.

*Kibanja* kiko upande wa pili. Kiini chake ni kujaa. Ndani yake mna migomba. Chini ya migomba mna mibuni, hasa ya robusta. Na baina yake mna maharage, mahindi, magimbi na miti ya matunda. Aghalabu nyumba imo katikati, imefunikwa na majani ya migomba kiasi kwamba mpita njia huona moshi kabla hajaona paa. Makaburi ya wazee nayo yamo humo. Samadi ya ng'ombe, taka za jikoni na nyasi zilizokatwa mbugani hutandazwa chini ya migomba mwaka baada ya mwaka, na udongo wenyewe huwa ni kazi ya mikono ya vizazi.

Linganisha sentensi hizi:

(6) Amenunua kiwanja, hakijaendelezwa.
(7) *Amenunua kibanja, hakijaendelezwa.

Sentensi ya (7), ambayo tumeiwekea nyota, haikubaliki kwa msemaji wa Bukoba. Ardhi ambayo haijaendelezwa haiwezi kuitwa kibanja. Kibanja kinaweza kutelekezwa, kikaota magugu na migomba ikanyong'onyea, lakini ni lazima kiwe kilipandwa kwanza. Hivyo basi mzizi mmoja umezaa maneno mawili ambayo, kwa sifa hii bainifu, ni kinyume.

4.0 Kwa nini si *shamba*

Mfasiri aliyekwisha kutambua kwamba *kiwanja* hakifai, hukimbilia *shamba*. Hapa pia pana upungufu, ingawa si rahisi kuuona.

Katika Kiswahili, hasa cha pwani, *shamba* hutajwa kwa kulinganishwa na *mji* au *nyumbani*. Mtu *huenda* shamba na *hurudi* kutoka shamba. Kule Unguja, *shamba* ni sehemu yote iliyo nje ya mji, na *mtu wa shamba* ni yule asiye wa mjini. Neno hili, kwa hiyo, limebeba umbali: kazi iko kule, makazi yako huku.

Kibanja hakina umbali huo. Mwanamke anayetoka jikoni na kukata mkungu wa ndizi hatua ishirini kutoka mlangoni hajaenda shamba. Yuko kibanjani, yaani yuko nyumbani. Tazama:

(8) Mama yuko shamba, atarudi jioni.
(9) Mama yuko kibanjani, mwite.

Sentensi hizi mbili zinaweza kusemwa na mtoto mmoja, siku mbili tofauti, naye asichanganye. Ya (8) inamwambia mgeni aondoke na kurudi baadaye. Ya (9) inamwambia akae.

Zaidi ya hayo, Kihaya kina maneno mengine ya ardhi inayolimwa, na *kibanja* hupata sehemu ya maana yake kwa kutofautiana nayo. *Rweya* ni mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi, ambako ng'ombe hulishwa na nyasi hukatwa. *Omusiri* ni kipande kinacholimwa kwa muda huko rweya, kwa mazao kama njugu mawe, mihogo au viazi, kisha kikaachwa kipumzike. *Kikamba* ni ardhi ya mazao ya msimu, na mara nyingi ni kile kilichokuwa kibanja zamani kikachoka. Kiswahili Sanifu kingeyaita yote haya, isipokuwa rweya yenyewe, *mashamba*. Kwa kufanya hivyo, kingefuta mpaka ambao mkulima wa Muleba anauona kila asubuhi.

Sifa bainifu za maneno haya zinaweza kupangwa hivi:

(10) a. *kibanja*: mazao ya kudumu, mwenyewe anajulikana, hurutubishwa daima, aghalabu kuna nyumba na makaburi.
b. *kikamba*: mazao ya msimu, mwenyewe anajulikana, urutubishaji ni hafifu, si makazi.
c. *omusiri*: mazao ya msimu, matumizi ni ya muda, hulimwa na kupumzishwa.
d. *rweya*: haijapandwa, kwa desturi ilitumiwa na wengi.

Inafaa kusisitiza neno *aghalabu* katika (10a). Nyumba ni sifa ya kibanja cha mfano, lakini si sharti. Mtu mwenye vibanja vitatu hana nyumba tatu. Kilicho sharti ni migomba. Jambo hili lilidhihirika kwa njia ya kusikitisha tangu miaka ya 2005 na 2006, mnyauko unaosababishwa na bakteria, ambao wakulima waliuita *unyanjano*, ulipoingia Kagera kupitia Muleba. Wakulima walilazimika kung'oa na kufukia migomba iliyougua. Pale palipong'olewa migomba yote na kupandwa mihogo au mahindi, lilizuka swali ambalo ni la kilimo na la semantiki kwa pamoja: je, hiki bado ni kibanja? Kwa kufuata (10), jibu ni kwamba kimeanza kuwa kikamba. Lakini mwenyewe, ambaye baba yake amezikwa humo, ana sababu ya kulikataa jibu hilo, naye huendelea kukiita kibanja akingoja miche mipya. Hapa sifa zilizo za kawaida tu, yaani nyumba na makaburi, hulishikilia neno wakati ile iliyo sharti imeondoka.

5.0 Kibanja na nguvu ya kivumishi

Mpaka hapa tumelitazama neno likiwa peke yake. Katika matumizi ya kisheria na ya kifamilia, hata hivyo, *kibanja* ni nadra kusimama peke yake. Maneno yanayokifuata ndiyo yanayoamua haki za mwenyewe.

(11) kibanja cha ukoo (kwa Kihaya, *ekibanja ky'oruganda*)
(12) kibanja cha kununua
(13) kibanja cha urithi

Kibanja cha (12) kilikuwa mali ya aliyetoa fedha zake. Kibanja cha (11) kilishikwa na mtu mmoja kwa niaba ya wengi, waliokufa na wasiozaliwa bado, na asingeweza kukiuza kwa mgeni bila jamaa zake kupewa nafasi ya kukikomboa. Tofauti kati ya (11) na (12) haionekani kwa macho: migomba ni ile ile na udongo ni ule ule. Iko katika lugha na katika kumbukumbu za watu.

Historia ya eneo hili inatupa pia neno *nyarubanja*, ambalo ndani yake tunaukuta mzizi ule ule -*banja*. Chini ya mfumo huo, vibanja vilivyokuwa na watu viliwekwa na mtawala chini ya bwana, yaani *mtwazi*, na wale waliovilima wakawa *batwarwa* wake, wenye wajibu wa kumlipa. Machifu waliondolewa madaraka mwaka 1963, na mfumo wa nyarubanja ukashughulikiwa na sheria iliyopitishwa mwaka 1965, ikifuatiwa na sheria nyingine ya mwaka 1968 iliyohusu upangaji wa ardhi wa kimila. Mwandishi anayetafsiri *nyarubanja* kuwa *shamba kubwa* hupotosha: lililokuwa kubwa ni mamlaka juu ya watu waliokuwa wakiishi humo.

Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, neno hili limechukua njia nyingine. Nchini Uganda, kufuatia Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 yaliyoanzisha umilikaji wa *mailo*, *kibanja* likawa jina la haki ya yule anayekaa na kulima juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inaitambua na kuilinda haki hiyo. Msemaji wa Kagera akisema *nina kibanja*, anadai kwamba ardhi ni yake. Msemaji wa Buganda akisema hivyo hivyo, huenda anakiri kwamba yuko juu ya ardhi ya mwingine, na papo hapo anadai kwamba haondoshwi. Mkalimani asiyeijua tofauti hii anaweza kumharibia mtu shauri.

6.0 Neno mbele ya mahakama

Uzito wa mambo haya unaonekana katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu ya Tanzania mjini Mwanza mwaka 1990 mbele ya Jaji Mwalusanya. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Mpwa wake alipinga. Aliegemea kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo katika uhai wake lakini zikamkataza kuiuza. Mahakama ilitamka kwamba katazo hilo lilikuwa la kibaguzi na lilikiuka haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Uuzaji ukahesabiwa kuwa halali, na mwanamke akawekwa chini ya masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Kwa mwanafunzi wa semantiki, shauri hili lina fundisho. Hakuna aliyebishana kuhusu migomba wala mipaka. Mgogoro wote ulikuwa katika sifa moja ya maana: *ya ukoo*. Katazo lilihusu ardhi ya aina ya (11), wala si kila kipande cha ardhi alichokuwa nacho mwanamke. Mtu ambaye angesimulia shauri hili kwa kusema tu kwamba *mwanamke aliuza shamba* angekuwa amesema kweli, lakini asingekuwa amemweleza msikilizaji kwa nini watu walifika Mahakama Kuu. Akisema *mwanamke aliuza kibanja cha ukoo*, msikilizaji wa Bukoba anaelewa papo hapo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, imebatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke haki ya kupata, kumiliki au kutumia ardhi. Sheria hiyo pia imeweka utaratibu wa hatimiliki ya kimila. Kwa hiyo, maelezo ya ardhi ambayo zamani yalikaa katika kumbukumbu za wazee sasa huandikwa katika karatasi, na huandikwa kwa Kiswahili. Hapa ndipo uteuzi wa neno unapokuwa na gharama. Inapotokea mji umepanuka na ardhi ya pembezoni mwa Bukoba au ya mji wa Muleba ikapimwa, watu husema:

(14) Kibanja chetu kimekatwa viwanja.

Sentensi ya (14) inatumia ndugu wawili wa mzizi mmoja, na katikati yao pana kitenzi *kukata*. Hatujui sentensi nyingine fupi inayoeleza vizuri zaidi mabadiliko ya umilikaji wa ardhi katika eneo hili. Kilichokuwa kimoja kimekuwa vingi. Kilichojaa kimehesabiwa kuwa kitupu. Kilichojulikana kwa jina la babu kinajulikana kwa namba. Anayekadiria fidia akiwa na *kiwanja* akilini hupima ukubwa wa eneo. Anayedai fidia akiwa na *kibanja* akilini anawaza pia mibuni, chakula cha kila siku, na makaburi. Wote wawili wanaweza kuwa waaminifu, na bado wasielewane.

7.0 Mapendekezo ya kileksikografia

Kutokana na uchanganuzi huu, tunaona kwamba kamusi ya Kiswahili haipaswi kulieleza *kibanja* kwa kisawe kimoja, kiwe *shamba* au *kiwanja*. Tunapendekeza kidahizo cha namna hii:

(15) kibanja *nm* vi- [*ki-/vi-*] 1. (Kagera) ardhi ya kudumu ya kaya iliyopandwa migomba pamoja na mibuni na mazao mengine, ambayo aghalabu ina nyumba ya mwenyewe ndani yake: *~ cha ukoo* kisichouzwa bila jamaa kupewa nafasi ya kukikomboa, *~ cha kununua* kilichopatikana kwa fedha ya mwenyewe. 2. (Uganda) haki ya kukaa na kulima katika ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Ardhi yenye haki hiyo.

Wapo watakaouliza kama neno la eneo moja linastahili nafasi katika kamusi ya taifa. Jibu letu ni kwamba dhana yenyewe si ya eneo moja. Katika Mkoa wa Kilimanjaro, wasemaji wa Kiswahili hulitumia neno la Kichaga *kihamba* kwa ardhi ya nyumbani yenye migomba na mibuni, kwa sababu ile ile: *shamba* halitoshi. Lugha iliyokulia pwani, ambako makazi na mashamba yalitengana, ilipopanda milimani ilikuta watu wanaoishi ndani ya kile wanachokilima, na haikuwa na neno la kuwaelezea. Kuazima kutoka Kihaya au Kichaga si kuichafua lugha. Ni kuijazia pengo ambalo haikuwa na sababu ya kulijua hapo awali.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba *kibanja* na *kiwanja* vimetoka katika mzizi mmoja na kuachana kimaana; kwamba *shamba* hubeba umbali ambao kibanja hakina; na kwamba vivumishi vinavyoandamana na neno hili ndivyo vinavyobeba haki za watu. Uchunguzi kama huu unaweza kuendelezwa kwa maneno *rweya*, *omusiri* na *kikamba*, na kwa maneno ya ardhi katika lugha nyingine za Tanzania, kabla wanaoyajua kwa undani hawajatoweka. Karani anayejaza fomu ya hatimiliki huko Kamachumu au Kanyigo huandika neno moja tu katika nafasi iliyoachwa wazi. Inafaa ajue ni neno lipi analoliacha nje.